Kavira Naye Alikosa

Masika, mutoto wangu wa kwanza na mubishi wangu wa kwanza,

Umetoka sasa hivi kwenda Katindo kumuaga shangazi yako, na ninawajua ninyi wawili. Atakupakulia sahani ya kwanza, atakupakulia ya pili, kiisha ataanza kulia na wewe utaanza kumubembeleza. Kabla ya saa kumi na moja hautarudi. Papa yako yuko Kituku kwenye soko la ziwani, anakutafutia samaki wadogo, sambaza za kukaanga za safari, na unajua vile anachagua sambaza, moja moja, mpaka wamama wanamukimbia. Nyumba imebaki yangu peke yangu. Nimechana karatasi ndani ya daftari lako la zamani la kemia, ninaandika haraka kabla hamujarudi.

Sitakuambia habari ya sweta. Sitakuambia usikule chakula cha mutu usiyemujua ndani ya basi, wala ufunge begi na kufuli, wala upige simu ukifika Kampala. Hayo papa yako amekuimbia wiki nzima mpaka sauti imemukauka. (Sweta iko juu kabisa ya begi. Nimesema tu.)

Ninakuandikia juu ya Kavira.

Unakumbuka mwezi uliopita, ile siku simu yako ililia ukiwa unatwanga majani ya sombe? Uliacha muti wa kinu hewani. "Mama! Mama, njoo uone! Ni Kavira! Kavira wetu!" Kweli alikuwa yeye, musichana wa ile filamu yetu ya zamani, na nywele zake mbili za kusuka rangi ya mahindi, na ng'ombe nyuma yake. Ile studio ya Nairobi ilikuwa imekutumia kazi yako ya kwanza: kutia Kiswahili ndani ya kipindi cha watoto, na sauti ya yule musichana ni wewe. Papa yako alicheza na kifuniko cha sufuria kichwani. Majirani walikuja kuuliza kama posa imefika. Mimi nilipiga vigelegele na watu wote, kiisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya bido, dumu letu la maji, jasho linanitoka. Ulizani ni furaha. Furaha ilikuwemo, mama, sikatai. Lakini ingine ilikuwa haya.

Kwa sababu huko Nairobi utapewa maneno ya kweli ya kile kipindi, karatasi kwa karatasi, mpaka ile sehemu ya mwisho ya ng'ombe aliyepotea. Utasoma, na utajua kwamba mama yako alikudanganya mbele ya watoto sitini, kila Jumapili, karibu miaka mitatu. Nataka uisikie kwangu kwanza. Na si uongo wenyewe unaoniogopesha zaidi. Ni kile uongo ule ulikufanyia wewe. Nitafika huko, usinikimbize.

Sinema yetu ya Majengo unaikumbuka: mbao, mabati, banchi kumi na mbili, televisheni nene ya mugongo mukubwa, na kigenereta nyuma kinachokohoa. Papa yako alikuwa njiani kila wakati na maharage yake ya Butembo, na sinema ilikuwa mikononi mwangu. Deo alikuwa mutafsiri wetu. Deo hakujua Kingereza hata cha kuomba maji, lakini ukimupa microfoni! Alipiga risasi na mudomo, alianguka na helikopta, alilia sauti ya mwanamuke, yote peke yake. Na kila komanda, awe Mumarekani, awe Muchina, alisema neno moja: "Leo mutanijua!" Watu walikuja kumusikiliza Deo kuliko kuangalia filamu.

Siku moja nilitoka nje nikakukuta unacheza na wenzako. Ulikuwa na miaka sita. Mulikuwa mumefunga kamba njiani, bariyeri ya askari, na wewe ulishika fimbo, unaamuru mutoto wa jirani alale chini kifudifudi. Akalala. Alilala haraka na vizuri, mikono nyuma ya kichwa, na hakuna mutu aliyemufundisha. Sikukupiga. Niliingia ndani nikakaa na mikono juu ya magoti, na nikajiambia: Mama Masika, hawa watoto wanayaona haya njiani, na wewe unawaonyesha tena ndani.

Njo hivyo tulianza sinema ya Jumapili, baada ya misa ya pili, ya watoto peke yao, bila bunduki. Papa yako aliniletea sede moja ya filamu ya watoto, yenye sehemu nyingi, kutoka safari, imefungwa ndani ya gazeti. Nilimupa Deo aiangalie. Aliangalia robo saa, akanirudishia na uso wa musiba.

"Mama Masika, humu hakuna hata mutu mumoja anayekufa. Nitatafsiri nini?"

"Tafsiri vile wanaishi."

"Hiyo siwezi. Sijasomea."

Basi nikachukua microfoni mwenyewe. Ile filamu ilisema Kifaransa cha mbio, na ninyi watoto Kifaransa chenu kilikuwa "bonjour maître" na kukaa chini. Mimi nilikuwa nimesoma kwa masista kule Butembo, nilisikia yote. Yule musichana nikamubatiza Kavira. Babu yake nikamuita Muzee Kambale. Yule mama muzee wa jirani, mwenye kitambaa chekundu, akawa Mama Jirani, na ng'ombe akawa Mapendo. Mutoto mumoja aliniuliza Kavira ni wa wapi, nikasema ni wetu, wa Butembo. Akafikiri sana, kiisha akawaeleza wenzake: "Butembo kuna baridi, ni sababu amekuwa mweupe." Na mukakubali wote, hata wewe ambaye bibi yako anaishi Butembo na unaijua rangi yake!

Na kikwembe changu je? Ukitaka kucheka ndani ya basi, cheka hapo. Mujomba wa Kavira alikuwa na muchumba, na wale watu kila walipokutana walikaribiana. Nikawa nasimama mbio, natandaza kikwembe juu ya televisheni, na kwenye microfoni nasema: "Sasa wanaomba!" Ninyi mukafunga macho na kuomba pamoja nao. Ilikuwa nzuri mpaka ile siku mwalimu wa katekisimu alikuja kwangu, kofia mikononi. Alikuwa ameuliza darasa lake: tunajiweka namna gani tukitaka kuomba? Na watoto watatu wa Majengo walifunga macho na kunyoosha midomo. "Mama Masika," aliniambia polepole, "kwenu wanaomba na nini?" Nilikaza uso. Alipotoka nilijitupa juu ya kitanda nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.

Unaona? Hata mimi ninapokuungamia zambi ninacheka. Zilikuwa siku nzuri, Masika, na sitaki uzichukie.

Lakini sikuishia kwenye kikwembe. Nilianza kukata na kinywa. Kavira akikasirika, nilisema anaimba. Kavira akikataa kuchota maji, nilisema tumbo linamuuma, na kwa sababu yule mutoto alikuwa mukaidi kweli kweli, kwa kinywa changu alikuwa mugonjwa wa tumbo kila wiki. Mulikuwa munamuombea. Kiisha wamama wa kartie, majirani zetu, wakaanza: "Kavira angekuwa ameshaosha sahani." "Kavira hajibu mukubwa hivyo." Walinisimamisha kwenye mulango wa kanisa kunishukuru, mikono yangu yote miwili ndani ya yao, na mimi nikawa ninavimba. Nilivimba vizuri sana. Tulitoka ndani ya misa tumepiga kifua na kusema tumekosa, watu wote, padri na wakristu, na nusu saa baadaye nilikuwa ninawaonyesha watoto nchi ambayo hakuna mutu anayekosa hata kidogo.

Nilitaka muwe na saa moja tu ya namna hiyo. Nilizani mabaya muliyajua ya kutosha.

Sasa ile sehemu ya mwisho. Wewe uliisikia hivi: upepo ulifungua lango la zizi, Mapendo akatoka, Kavira akalia kwa sababu alimupenda, akaenda kwa Mama Jirani kuomba musaada, na Mama Jirani akafunga mulango aende kutafuta kamba. Mara ingapi nilisema ile kamba! Mutoto mumoja aliuliza mbona Mama Jirani amefunga mulango na uso mukali hivyo. Nikamujibu: kamba iko mbali.

Kweli yake nitakuambia mbele kidogo. Kwanza nikukumbushe lekteri, ile mashine ya kuchezesha sede.

Ulikuwa na miaka tisa. Ilikuwa Jumanne, ulitoka masomo mapema, ukaingia ndani ya sinema peke yako kumuangalia Kavira. Ulivuta waya, lekteri ikaanguka juu ya simenti. Ukairudisha pahali pake, ukaifuta vumbi, ukatoka. Jioni watu walijaa, Deo akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena. Na mimi mama yako, mbele ya banchi kumi na mbili zilizojaa watu, nikamuambia Deo kwamba ameiangusha kwa ulevi.

"Miye, Mama Masika? Miye na maziwa yangu?"

Kila mutu alijua Deo hakunywa kitu isipokuwa maziwa ya kuganda. Hata mimi nilijua. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na nilikuwa na hasira ya ile lekteri, nikaongeza ingine juu yake, na ingine. Deo aliweka microfoni juu ya meza, taratibu, akaenda zake.

Wewe uliona yote ukiwa pale mulangoni. Jumatano hukukula bugali. Alhamisi ulikuwa na homa na nilikupa dawa ya malaria, ukaimeza kwa utii. Ijumaa hukurudi kutoka masomo. Nilizunguka Majengo yote na viatu viwili visivyofanana. Mutu akaniambia ameona mutoto wa unifomu kule Kituku, nikaenda nikikimbia, na nikakukuta umekaa kati ya wamama wa samaki na begi lako la masomo juu ya magoti. Walikuwa wamekupa kipande cha samaki. Mumoja akaniambia: "Mutoto wako anangoja mashua ya kisiwa cha Idjwi. Amesema huko hakuna anayemujua."

Nilipiga magoti ndani ya yale magamba ya samaki. Ukaniambia ukweli wote wa lekteri, bila kulia, na mwisho ukasema: "Kavira hakosagi, Mama. Miye nilikosa. Sasa siko mutu muzuri tena."

Masika, neno lilikuwa hapa, juu ya ulimi. Lilikuwa neno fupi. Ningesema: Kavira naye alikosa, alifanya kama wewe kabisa, mimi njo nilikuficha hiyo. Ungepumua. Ungekula ile samaki yako na tungerudi nyumbani. Lakini wamama wale walikuwa wanasikiliza, na watatu kati yao watoto wao walikuja kwangu Jumapili. Niliona kesho yake: Mama Masika anadanganya watoto na microfoni. Nikalimeza lile neno. Nikakuambia "Basi, yameisha, mama," nikakubeba mugongoni ingawa ulikuwa umeshakuwa mukubwa. Nilichagua jina langu, nikakuacha wewe. Nimekaa na ile kitu miaka kumi na mitatu na bado inaniuma hapa chini ya titi.

Ulienda kwa Deo, ukamuomba musamaha peke yako. Alicheka, akakupa maziwa, kesho yake akarudi kazini. Mimi nilimuambia tu, "Deo, kigenereta hakina mafuta." Huo ulikuwa musamaha wangu. Wa kweli nilimuomba miaka mitatu baadaye, kwa simu, na alipokaa kimya kidogo nikajifanya mutandao ni mubaya: "Alo? Alo, Deo? Unasikia?" Akanijibu: "Nimesikia, Mama Masika. Nilikuwa nangoja umalize." Muulize yeye mwenyewe kwa simu, kesho atakusindikiza mpaka kwenye basi kabla haujasoma hii.

Baada ya ile siku ya Kituku hukutaka tena kumuona Kavira. Ulisema umekuwa mukubwa. Nilikuambia sede imekwaruzika. Basi sikia na hii: niliikwaruza mimi, na muchanga wa kusugulia sufuria. Nilisugua mpaka ikawa kama kioo cha bafu. Niliogopa kwamba Kifaransa chako kinakua na siku moja utasikia mwenyewe.

Na wewe ukakua na yule Kavira wangu ndani ya kichwa. Nilimuona kila siku. Daftari hii ninayoichana ni shahidi: hakuna neno lililofutwa, kwa sababu ukikosea herufi moja ulikuwa unachana karatasi nzima na kuandika upya. Mwaka ule ulipata pointi sabini na tisa, ulijifungia chooni, papa yako akasimama nje ya mulango akikuambia kwamba yeye hajawahi kupata hata hamsini na ameoa vizuri. Watu walisema, Mama Masika, una mutoto mwenye nizamu. Mimi nilijua ni woga, na nilijua umetoka wapi.

Juzi nilisimama nyuma ya mulango wako. Ulikuwa unajizoeza sauti ya Kavira ndani ya simu. Nilisikia sentensi moja nzuri kabisa, nikataka kupiga makofi, kiisha nikasikia unaifuta. Ukaisema tena. Ukaifuta. Niliacha kuhesabu. Na jana wakati tunakunja nguo uliniambia, kama unazungumza na nguo: "Na nikikosea mbele yao, Mama? Wao Kiswahili chao kimenyooka. Afazali nisiende." Ulisema afazali usiende. Muda wote ambao umeililia kazi hii, na usingizi wote uliokosa, na juu ya kukosea tu ulikuwa tayari kubaki hapa kunitwangia sombe.

Kwa hiyo nisikilize sasa. Ninachukua microfoni mara ya mwisho, na sitakata kitu.

Upepo haukufungua lile lango. Kavira alilifungua, kwa sababu alitaka kupanda mugongo wa ng'ombe, na Muzee Kambale alikuwa amemukataza mara mia. Mapendo akatoka mbio. Babu alipouliza, Kavira alimuangalia machoni, akasema: "Nilimuona Mama Jirani pale langoni." Hivyo tu. Kijiji kizima kikamugeukia yule mama. Waliacha kumusalimia, na mukate wake ukabaki mezani sokoni. Kavira akakaa na ile kitu siku mbili, chakula hakishuki. Hata homa alikuwa nayo, Masika! Pale Kituku, uliponiambia ukweli, nilijua ile homa yako niliiona wapi.

Kiisha akaenda. Watu walikuwa wanatoka kanisani, akapita katikati yao mpaka mulangoni kwa Mama Jirani, akagonga, akasema kwa sauti, si ya kunong'ona: "Lango nilifungua mimi. Kiisha nikasema ni wewe." Ile ni sentensi nzuri kuliko zote ndani ya sede ile, na mimi njo niliyeifunika na habari ya kamba. Mama Jirani alimuangalia, akafunga mulango. Hakukuwa na kamba yoyote. Alikuwa na hasira, na ilikuwa haki yake. Lakini asubuhi yake, kabla jua halijatoka vizuri, alikuja mwenyewe, na safari hii kweli alikuwa na kamba begani, akasema: "Vaa viatu. Tunaenda kumutafuta." Wakaenda wawili. Kama walimupata Mapendo au hawakumupata, sikuambii. Utasoma.

Ninyi watoto sitini mulistahili kuona ule mulango unafungwa, na kuona ule mama anakuja kesho yake. Niliogopa mutajifunza uongo. Uongo mulikuwa munaujua tayari, kila mutoto anaujua, hata hakuna haja ya sinema. Kilichowapungukia kilikuwa ile njia ya kutoka mulango wenu mpaka mulango wa mutu muliyemukosea. Niliificha kwa sababu mimi mwenyewe ilinishinda kuitembea.

Kwa hiyo yule Kavira uliyejipima naye tangu miaka tisa, asiyekosagi, hayuko. Hajawahi kuwa. Nilimutengeneza mimi Majengo, na microfoni mbovu, kati ya kikwembe na tumbo linalouma. Yule wa kweli ni mukaidi, anajibu wakubwa, anakataa kuchota maji, na nilimupenda siku zote kuliko wangu. Alinikumbusha mutu.

Ukifika kwenye ile sentensi yake, usiilainishe, usimusaidie kama nilivyomusaidia mimi. Iseme vile alivyoisema. Na Kiswahili chako usikifiche. Kama wanataka kilichonyooka wangetafuta mutu wa Zanzibari, wao wamekuchagua wewe ukiwa na "njo" zako zote pahali pa "ndiyo". Utakosea. Utakosea wiki ya kwanza, utakosea ya pili, mutu atakukasirikia na atafunga mulango, na wewe utalala, utaamuka, utapiga muswaki, utaenda kazini. Mimi nimekosa mbele ya watoto sitini na ona, bado ninapumua, bado papa yako ananichagulia sambaza.

Umerudi. Nimesikia viatu vyako, na "Mama, shangazi bado analia!" Nimefunika barua na daftari. Unasema unanitengenezea chai. Sawa, ngoja nimalizie.

Nimerudi kwenye barua. Kitu kilianguka jikoni. Pwaa! Nilishika kalamu, nikangoja. Paka alikuwa huko nawe, na yule paka jina lake limeshaharibika, amevunja sahani nne mwaka huu, hakuna hakimu ambaye angemusikiliza. Nilijikuta ninaomba, na macho yangu nimefunga kabisa.

"Mama!" ulipiga kelele. "Nimevunja termosi yako ya harusi! Nilikuwa naangalia simu, mukono ukateleza."

Hukungoja hata niulize. Ulitoka na vipande juu ya sinia, chai imekulowesha mpaka magotini, na paka anapita nyuma yako na amani yake yote. Ukasema pole, utaniletea ingine ya Nairobi. Nilicheka mpaka nikakaa chini, machozi yakanimwagika, na papa yako akaingia na sambaza zake akizani kuna musiba. Ukasimama mbele yangu umekasirika kabisa: "Mama, termosi ya harusi yako! Unacheka nini?"

Nikakujibu utajua ndani ya basi.

Basi, umejua.

Mama